Vitenzi Arobaini na Vitatu

Bibi alifika herufi ya F Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo mkasi ulipoanza kazi ya kweli. Kwa herufi zote za kabla yake alikuwa amebandika vikaratasi sita tu. Sasa alikuwa ameketi sakafuni mbele ya meza fupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya sikio, kitabu cha baba yangu kimefunuliwa, bakuli la gundi ya mchele wa kunata kulia kwake, na kushoto rundo la vikaratasi alivyokata kutoka kalenda ya mwaka uliopita.

"Hiki nacho," alisema, akakandamiza kikaratasi kwa kidole gumba. "Na hiki. Na hiki. Hawa watu wana matatizo gani? Ukurasa mzima wanafanya jambo moja."

Jambo lenyewe hakulitaja. Nyumbani kwetu, tangu Januari ya mwaka 1998, hakuna aliyeruhusiwa kutamka kuanguka, wala kuteleza, wala kudondoka, kwa sababu nyumba ilikuwa na mtahiniwa. Hapa Daegu, Korea Kusini, hilo si jambo la ajabu. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilishawahi kuishi hivyo mwaka mmoja au miwili, mtoto wao akijiandaa kuingia chuo kikuu. Tofauti yetu ni kwamba mwanafunzi wa sekondari nilikuwa mimi, na mtihani wangu ulikuwa bado mbali. Mtahiniwa alikuwa baba, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye upara.

Baba alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kufuma vitambaa. Alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni, akafumba macho, akakuambia kwamba mtambo wa kumi na saba unahitaji mafuta, na unaweza kuapa kwamba anazungumza nao. Lakini majira ya baridi yale sarafu ya nchi yetu ilikuwa imefanya lile tendo ambalo Bibi alikataza lisitajwe, kiwanda kikanunuliwa na wageni kutoka ng'ambo, na wageni wakataka wasimamizi wanaoelewa maagizo kwa Kiingereza. Barua ilikuwa fupi. Mwezi wa nne kutakuwa na mtihani wa maswali sitini, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Atakayepata chini ya thelathini na sita ataombwa astaafu kwa heshima.

Mama yangu alifariki nilipokuwa na miaka tisa. Tuliobaki tulikuwa watatu, na sote tulikula kwa mshahara wa baba. Kwa hiyo ile heshima haikumpendeza mtu nyumbani.

Waliopata barua waliambiwa pia wanunue kitabu cha vitenzi mia tatu. Vilikuwa vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo mimi naviita vitenzi vyenye mkia. Unachukua kitenzi kidogo, kipole, ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakijua, unakifunga kijineno nyuma, na papo hapo kinakuwa mnyama mwingine. Kutazama, ukikipa mkia huu, kunakuwa kutunza. Ukikipa mkia ule, kunakuwa kumheshimu mtu. Ukikivisha mwingine, umemdharau yule yule uliyekuwa unamheshimu. Kitabu kilieleza kila kimoja mara mbili kwa lugha yetu, kwanza neno kwa neno, kisha maana inayotumika. Bibi hakujua hata herufi moja ya Kiingereza, lakini lugha yetu aliisoma vizuri, na popote alipokuta neno lililopigwa marufuku alifunika mstari mzima. Mpaka alipomaliza kitabu jioni ile alikuwa amefunika vitenzi arobaini na vitatu.

Mwalimu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa wa pili darasani kwa Kiingereza, na nilikuwa na kiburi cha mtu wa pili, ambacho ni kikali kuliko cha wa kwanza. Kila siku baada ya chakula cha jioni baba alifuta meza, akanoa penseli mbili, akainama kidogo kunisalimu kama mwanafunzi. Siku ya kwanza nilidhani anatania.

"Mwalimu," aliniambia, "kichwa changu kimezoea vyuma. Nifundishe polepole."

Alikuwa na njia zake. Kila kitenzi alikikabidhi kwa mtu wa kiwandani. "Put up with", yaani kuvumilia, alimpa fundi Gu, kwa sababu fundi Gu alikuwa anakaa na mama mkwe wake. "Run out", yaani kuishiwa, alimpa mpishi wa kantini. Nilipomuuliza maana alifumba macho, akawatafuta watu wake mmoja mmoja kwenye sakafu ya kiwanda, akarudi na jibu. Alikuwa mzito, lakini alichoshika hakikumtoka. Kwa mwezi mmoja alijua vitenzi mia moja na ishirini, na mimi nikaanza kuamini kwamba tutafaulu. Nasema tutafaulu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyohisi.

Shida ilikuwa marufuku ya Bibi, ambayo haikuhusu kitabu tu. Kijiko kikitoka mkononi wakati wa kula, tulitakiwa kusema kimeamua kukaa chini. Theluji ilikuwa inatua. Siku moja mwezi wa pili nilikanyaga barafu kwenye ngazi za nje na nikafika chini kwa makalio, kiwiko kikavimba kama kiazi. Bibi alitoka mbio.

"Umefanya nini?" aliuliza, na macho yake yalikuwa yananionya.

"Nimeshuka ngazi zote kwa mara moja, Bibi."

"Haya. Siku nyingine zishuke moja moja."

Alipanda hadi kwa Buddha wa jiwe aliye kileleni mwa mlima Palgong, ngazi zaidi ya elfu moja, na miaka yake sabini na mitatu, kwa sababu Buddha yule anasifika kumpa kila mtu ombi moja. Pale juu palikuwa pamejaa akina mama wa watahiniwa. Mmoja alimuuliza mjukuu wake anasoma shule gani. "Si mjukuu, ni mwanangu," alijibu Bibi, "na hasomi vizuri." Alirudi na pipi za kunata za mchele, akazigandisha kwenye nguzo ya geti letu, ili mtahiniwa naye anate kwenye orodha ya waliofaulu. Majirani walipita wakanitakia heri mimi. Sikuwasahihisha.

Ile Jumamosi ya herufi ya F nilimuuliza kama haoni kwamba imezidi. Nilimuuliza kwa ujeuri kidogo, nakiri. Bibi hakuinua macho kwenye gundi yake.

"Baba yako alipokuwa na miaka kumi na miwili," alisema, "siku ya mtihani wa kuingia shule ya kati ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nikampikia supu ya mwani. Siku ya kuzaliwa unakosaje kupika supu ya mwani? Mwani unateleza, kila mtu anajua, lakini nilijiambia mtoto ni wangu, siku ni yake, ale. Nikampa kwa mkono wangu huu. Akala bakuli mbili." Alibandika kikaratasi kingine. "Wiki iliyofuata alikuwa kiwandani anafagia pamba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka lile neno la kuteleza tangu Januari, na hata yeye hakulisikia.

Nilipomwambia baba kwamba vikaratasi vinaweza kuloweshwa maji ya moto vikabanduka, alikataa.

"Vitenzi arobaini na vitatu vimefichwa," nilimwambia. "Vinaweza kuja maswali manane, hata kumi."

"Mama amebandika kwa mchele wa kunata. Ukibandua atajua."

"Basi nitakufundisha kwa mdomo."

"Kwa mdomo huwezi. Utalisema lile neno." Akatazama mlango wa chumba cha Bibi, akashusha sauti. "Na mimi pia sitaki kulisikia, Hyang-mi. Usicheke. Mtu mzima ana haki ya kuogopa."

Sikucheka. Nilitafuta njia, na njia niliyoipata ilikuwa ya kijinga, lakini tuliipenda kuliko masomo mengine yote. Tulikubaliana kwamba badala ya kusema kuanguka, tuseme kwenda Busan. Kutoka Daegu mtu yeyote akienda Busan anashuka kusini hadi pwani, kwa hiyo mantiki ilikuwepo. Basi "fall behind" ikawa kwenda Busan nyuma ya wenzako, yaani umeachwa. "Fall apart" ikawa kwenda Busan vipande vipande, yaani kitu kimesambaratika. "Fall for" ikawa kumfuata mtu mpaka Busan, yaani umempenda, na hiyo baba aliielewa bila maelezo, kwa sababu mama alikuwa mtu wa Busan.

Usiku na mchana nyumba ikajaa safari. Bibi alitusikia kupitia mlango wa karatasi, akadhani tunasoma kuhusu reli. "Angalau wamefika mahali penye adabu," alimwambia jirani.

Sasa mimi mwenyewe nina miaka arobaini na kitu, nafundisha Kiingereza hapa hapa Daegu katika darasa la jioni, na wapo wanafunzi wanaodhani nina kigugumizi. Nikifika kwenye vitenzi vile nasita, kwa sababu kabla ya neno lolote naona kituo cha treni. Nimefundisha kwa mbinu nyingi tangu wakati ule, nyingine nimelipia semina nizijue, na hakuna hata moja iliyonata kichwani mwa mtu kama ile ya Busan. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kila somo lilikuwa na nusu mbili, safari na maana, na mimi nilikuwa nafurahia safari. Baba alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na tangu mama afariki sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Ningemsahihisha vipi? Nikamwacha acheke, nikahesabu kwamba ameelewa.

Siku ya mtihani Bibi alimpa mochi, ile keki ya mchele wa kunata yenye maharage, akamkagua soli za viatu, akamtoa nje ya geti kwa mguu wa kulia. Baba alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Nilimsubiri kituo cha basi baada ya shule, na alishuka akiwa na uso wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno, haumwi bado lakini anajua ataumwa.

"Ilikuwaje?"

"Fundi Gu alikuja," alisema. "Mpishi naye alikuja. Watu wangu wengi walikuja." Tukatembea kidogo. "Lakini kulikuwa na swali moja. Mazungumzo ya kampuni mbili 'fell through'. Unachagua: yalifaulu, yalisafiri, yalishindikana, au yalirudiwa."

Jibu lilikuwa yalishindikana. "Ukachagua nini?"

"Yalisafiri. Ningechagua nini kingine? Niliwaona kabisa, Hyang-mi. Mabwana wana mikoba, wamekaa kwenye treni ya Busan, inapita ndani ya handaki. Mmoja alikuwa anakula yai."

Nilicheka pale pale barabarani, nikashika nguzo ya taa. Naye akacheka, kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Kisha akanisimulia lingine, la mwanafunzi aliyeacha shule, ambaye baba alimshusha kwenye kituo kisicho chake, na lingine la mauzo ya duka yaliyopungua, ambayo aliyapeleka pwani. Alikuwa anasimulia vizuri. Nilicheka mpaka la tatu, kisha nikaelewa nilichokuwa nacheka, na nikatamani ardhi inimeze. Maana halisi za vitenzi hivyo vitatu zilikuwa chini ya vikaratasi vya Bibi. Nilikuwa nimemwambia mara moja kila moja, haraka haraka, kabla ya kurudi kwenye mchezo.

"Baba, hayo matatu ni mimi," nilisema.

"Ni kitu gani wewe?"

"Nilikufundisha vibaya."

Alisimama. "Ulinifundisha miezi mitatu baada ya masomo yako, hukunionyesha hata siku moja kwamba mimi ni mjinga. Usiniambie habari ya vibaya." Akaendelea kutembea. "Na Bibi asijue kuhusu hayo matatu. Umenielewa?"

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa kantini siku tisa baadaye. Baba alirudi saa nane mchana, na kwa saa hiyo tu tulijua. Hata hivyo alivua viatu kwa utaratibu wake, akavipanga, akaingia, akapiga magoti mbele ya Bibi na kuweka mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko. Alifungua mdomo.

"Mama," alisema, "mambo ya ule mtihani..."

Akashindwa. Si kwamba alikuwa analia. Alikuwa anatafuta neno la kusema, na nyumba yetu haikuwa nalo. Kwa miezi minne tulikuwa tumelisaga, tumelifunika, tumelipakia kwenye treni, na sasa lilipohitajika hapakuwa na mtu mwenye nalo. Alinitazama mimi. Na mimi sikuweza.

"Umeanguka," alisema Bibi.

Baba aliinua kichwa.

"Si umeanguka, Deok-su? Sema." Kwa kawaida alimwita Baba Hyang-mi. Jina lake sikuwahi kulisikia kinywani mwa Bibi. "Umeanguka mara ngapi nikikuangalia? Ulianguka kisimani kwa akina Tak ukiwa na miaka minne. Ulianguka kutoka juu ya paa ukifuata tiara. Ulianguka kutoka mgongoni mwa ng'ombe wa mjomba wako, na ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama. Ulianguka jeshini. Harusini kwako uliteleza mbele ya wakwe, nikataka kufa kwa aibu. Kila mara uliinuka. Sasa umeanguka Kiingereza. Haya, umeanguka."

Alilisema lile neno kama mtu anayekunywa maji baada ya mfungo. Mabega ya baba yalianza kutikisika, na nilidhani hatimaye analia, lakini alikuwa anacheka, ameinamisha uso asionekane hana adabu.

"Ulipata ngapi?" aliuliza Bibi.

"Thelathini na nne."

"Wanataka ngapi?"

"Thelathini na sita."

Bibi aliinuka kwa kushika meza, akaenda jikoni. Tulisikia anaosha mchele. Ulikuwa umeshaoshwa, niliuosha mimi, na yeye aliniona. Maji yaliendelea kumiminika. Nilichungulia. Alikuwa amesimama mbele ya karai, mikono imo ndani ya maji, haioshi chochote, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Mbili. Nilijua anahesabu nini. Alikuwa na vikaratasi arobaini na vitatu vya kuhesabu, na bakuli mbili za supu.

Baba alinipita mlangoni, akasimama nyuma yake.

"Mama, yale maswali mawili nilikuwa nayajua," alisema. "Yalikuwa ya ukurasa wa kwanza kabisa. Nilikuwa na haraka, nikaweka alama kwenye mstari wa jirani yake."

Bibi hakugeuka. "Hayakuwa ya herufi zangu?"

"Hata moja. Ya herufi zako hayakutoka kabisa."

Hapo Bibi alifunga bomba, akageuka, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa mtu wa pili kwa Kiingereza darasani, na Bibi aliamini kwamba mtoto anayejua Kiingereza hawezi kudanganya kuhusu Kiingereza.

"Ni kweli, Hyang-mi?"

Nilifikiria wale mabwana na mikoba yao. Nilifikiria pia kwamba kati ya sisi watatu, mwenye makosa zaidi nilikuwa mimi, na hakuna aliyekuwa ananiuliza hilo.

"Ni kweli, Bibi. Alinionyesha. Yalikuwa rahisi mno."

Alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu kiasi cha mtu kuungama. Kisha akapangusa mikono kwenye aproni, na sauti yake ikarudi mahali pake.

"Basi ni uzembe," alisema. "Mtu wa miaka hamsini na mbili, miwani anayo, penseli nimemnolea mimi, na bado anaweka alama mstari wa jirani. Kaa ule."

Alimkaripia kuanzia mchuzi mpaka chai ya shayiri. Alimkaripia kuhusu haraka, kuhusu macho yake, kuhusu baba yake marehemu ambaye naye alikuwa hivyo hivyo. Baba alikula ameinama, akijibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, na kila alipotaka kuacha Bibi alimwongezea wali.